Glavu kwanza, midoli baadaye: tathmini ya vifaa vya afya na raha kwa wapenzi wa kike

Katika maduka ya vifaa vya faragha, rafu kubwa kuliko zote ni ya kondomu, na inayong'aa kuliko zote ni ya midoli ya ngono. Wanawake wawili wanaopendana wanaachwa wajitafutie hapo katikati. Maelekezo ya kondomu yanaanza na uume, chupa ya kilainishi ina picha ya bwana na bibi, na fomu ya kliniki inauliza njia ya uzazi wa mpango kabla haijauliza unalala na nani. Matokeo yake wengi hununua kisichowafaa, au hawanunui chochote kwa kuamini kwamba pasipo na mwanamume hapana maradhi.

Hapa tunapitia vitu ambavyo wapenzi wa kike hununua au hushauriwa wanunue, na kila kimoja tunakiuliza maswali matatu: kinazuia nini hasa, kinaongeza raha au kinaipunguza, na kinaharibikia wapi. Bei hatuigusi. 

Glavu za nitrili: 9/10

Hakuna anayemfungia mpenzi wake boksi la glavu kama zawadi, lakini ndicho kitu cha kwanza tunachokipendekeza. Kwa wapenzi wengi wa kike kazi kubwa hufanywa na vidole, na vidole vina kucha, vina vijichubuko pembeni mwa kucha, na huhama kutoka mahali pamoja kwenda pengine bila mwenyewe kufikiri. Glavu humaliza yote matatu kwa mpigo: haikwaruzi, haipitishi majimaji ya mmoja kwenye kidonda cha mwingine, na ikivuliwa, vijidudu vya njia ya haja kubwa haviingii ukeni.

Chukua nitrili. Lateksi huwapa baadhi ya watu mzio, kuanzia muwasho hadi kubanwa pumzi, na ikikutana na mafuta hudhoofika. Vinaili hulegalega na kufanya mikunjo kwenye ncha ya kidole, yaani palepale panapotakiwa pawe laini. Nitrili hubana kidole sawasawa, huvumilia mafuta na silikoni, na ikipata joto la mwili hulainika zaidi.

Kwenye boksi tafuta mambo matatu: ziwe za uchunguzi wa kitabibu, zisiwe na unga, na ziwe zimeandikwa AQL 1.5. Namba hiyo inahusu matundu. Ndiyo kipimo cha ukaguzi wa shehena, na ikiwa ndogo zaidi ukaguzi ni mkali zaidi, 1.5 ndicho kiwango cha Ulaya kwa glavu za kitabibu. Boksi lisilo na namba yoyote huenda ni la kuoshea vyombo na kupakia rangi ya nywele. Unga nao si jambo dogo: Marekani ilizipiga marufuku glavu za unga katika huduma za afya mwaka 2017 kwa sababu unga huo huleta uvimbe kwenye njia ya hewa na vidondani. Ngozi ya ukeni haiuhitaji.

Saizi ndipo wengi wanapokosea. Kwa vipimo vya Ulaya, glavu ikilazwa mezani upana wa kiganja ni takriban milimita 80 kwa ndogo, 95 kwa ya kati na 110 kwa kubwa. Inayopwaya huacha kijifuko cha hewa kwenye ncha, na kijifuko hicho ndicho kinachokunjamana na kusugua. Inayobana mno huchanika kati ya dole gumba na kidole cha shahada. Ukisita kati ya mbili, chukua ndogo, mradi unaweza kukunja ngumi bila ganzi.

Kabla ya kuvaa, vua pete na upitishe kila kidole juu ya pamba kavu. Pamba ikinasa hata uzi mmoja, rudi kwenye tupa ya kucha. Kinachonasa pamba kitakwaruza uke, na glavu yenyewe kitaitoboa kutoka ndani. Mwenye kucha ndefu asiyetaka kuzikata anaweza kutia kipande kidogo cha pamba katika ncha za vidole vya glavu kisha akavaa. Si maridadi, lakini inafanya kazi. Baada ya kuvaa, paka kilainishi nje ya glavu kabla ya kugusa chochote, maana nitrili kavu hukwaruza karibu kama ukucha. Ukimaliza ivue kwa kuigeuza ndani nje, na usiioshe ili uitumie tena.

Kuhusu rangi, nyeusi zinapendwa kwa sababu hazifanani na hospitali. Tatizo ni kwamba zinaficha damu. Mtu akichubuka ungependa kuliona jambo hilo mapema, kwa hiyo sisi tunapendelea waridi, nyeupe au samawati. Alama moja tumeipunguza kwa sababu hisia ya ngozi kwa ngozi hupotea, na hilo hakuna boksi litakalolirudisha. Wenzi waliopima wote wawili, wenye kucha fupi na mikono safi, wanaweza kuziweka kando siku nyingi na kuzitoa pale panapokuwa na hedhi, kidonda au mchezo wa njia ya haja kubwa.

Kilainishi: kati ya 2 na 10, kutegemea chupa

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na hakuna bidhaa inayojitembeza kama hii. Kuna cha kupasha joto, cha kupoza, cha ladha ya matunda, na hata cha "kubana". Hicho cha kubana mara nyingi nguvu yake ni shabu, ambayo hukausha ngozi ya uke mpaka inachubuka; kisomwe kama onyo, si kama sifa.

Geuza chupa usome viungo. Hupangwa kwa uzito, kilicho kingi kikitangulia. Ikiwa gliserini au propilini glaikoli inafuata mara baada ya maji, au imetangulia hata kabla ya maji, kuna uwezekano mkubwa kwamba osmolaliti ya kilainishi hicho iko juu, yaani kimejaa chembechembe zilizoyeyuka kuliko majimaji ya mwili. Kitu cha namna hiyo kikikaa ukeni huvuta maji kutoka kwenye seli, kama chumvi inavyovuta maji kutoka kwenye samaki. Seli hunywea, tabaka la juu hubanduka, na ngozi iliyobanduka ni mlango wa maambukizi. Ule ujoto wa vilainishi vya "kupasha" mara nyingi hutokana na gliserini hiyohiyo ikikutana na unyevu wa mwili.

Mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani, pamoja na UNFPA (shirika la Umoja wa Mataifa la idadi ya watu) na FHI 360 (shirika la utafiti wa afya), lilitoa mwongozo wa ununuzi wa vilainishi. Kwa hakika osmolaliti isizidi 380 mOsm/kg, lakini kwa kuwa bidhaa nyingi sokoni zilikuwa juu mno, waliruhusu hadi 1,200 kwa muda. Kwa matumizi ya ukeni pH, yaani kipimo cha uchachu, iwe karibu na 4.5. Osmolaliti huwezi kuipima nyumbani; mwulize mtengenezaji, na akikujibu kwa maneno matamu bila namba, hilo nalo ni jibu. pH unaweza kuipima: dondosha tone moja kwenye karatasi ya pH inayosoma nusu kwa nusu, subiri sekunde zilizoandikwa, linganisha rangi. Cha 7 ni cha njia ya haja kubwa, si cha uke.

pH ina uzito gani? Uke wa mwanamke anayepata hedhi kwa kawaida huwa kati ya 3.8 na 4.5, na uchachu huo hutengenezwa na bakteria aina ya laktobasili. Wakipungua, wengine kama Gardnerella huchukua nafasi, na hapo ndipo huja vajinosisi ya bakteria: ute mwepesi wa kijivu, harufu ya samaki inayozidi baada ya tendo. Tatizo hili huwapata zaidi wanawake wanaolala na wanawake, na mara nyingi wenzi wawili hukutwa nalo pamoja. Kwa hiyo kilainishi kibovu katika nyumba ya wanawake wawili kinavuruga uke wa wote wawili, na anayetibiwa peke yake anaweza kurudi kliniki kwa tatizo lilelile. Mmoja akipata dalili, wote wawili wachunguzwe. Na sabuni isiingizwe ndani, hata ile iliyoandikwa kuwa ni ya huko.

Kilainishi kizuri cha maji huwa na viungo vichache: maji, kizitishi (kinachokifanya kiwe kizito) kama haidroksiethili selulosi au karajinani, asidi ya lakti ya kuweka uchachu, na kihifadhi kidogo. Kwepa klorheksidini, kwa kuwa huua laktobasili pamoja na wabaya. Kwepa pia nonoksinoli-9; ni dawa ya kuua mbegu za kiume, na kwa wanawake wawili kazi pekee inayobaki nayo ni kuchubua.

Kiasi cha kuanzia ni nusu kijiko cha chai kwenye vidole, kikipashwa kiganjani kwa sekunde kadhaa. Cha maji kitaanza kunata baada ya dakika chache, na kosa la kawaida ni kuongeza kingine juu yake mpaka kunakuwa na gundi. Maji ndiyo yaliyokauka, kizitishi bado kipo: nyunyiza matone mawili matatu ya maji safi na utelezi unarudi.

Cha silikoni hakikauki, hakina habari ya pH wala osmolaliti, na kinafaa kwa lateksi na nitrili. Kasoro zake ni mbili. Kikimwagika sakafuni mtu anaanguka kweli, na kinaweza kuufanya mdoli wa silikoni unate. Jaribu tone moja kwenye kitako cha mdoli, sugua, subiri dakika chache. Pakinata, uvishe kondomu.

Mafuta ni mazuri kwa kukanda mgongo. Kwa lateksi ni adui, kwani huanza kuidhoofisha ndani ya dakika. Jeli ya petroli hasa isiingie ukeni: utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2013 ulikuta waliokuwa wakiitumia ndani walikuwa na vajinosisi zaidi ya maradufu kuliko wasioitumia.

Jambo moja ambalo wauzaji huchanganya makusudi: kilainishi si kinyevushi. Kilainishi ni cha wakati wa tendo. Kinyevushi hutiwa kila baada ya siku mbili au tatu, kuwe na tendo au kusiwe, kwa mwanamke ambaye uke umekauka kwa kukoma hedhi, kunyonyesha au dawa. Wapenzi wa kike wa umri mmoja wanaweza kufikia ukomo wa hedhi kwa karibu, na kila mmoja akadhani mwenzake amepoa. Kabla ya kulaumiana, jaribuni kinyevushi kwa wiki kadhaa, na kisipotosha mwulize daktari kuhusu estrojeni ya kiwango kidogo ya kutia ukeni. Baada ya ukomo wa hedhi pH hupanda yenyewe, kwa hiyo karatasi ya kupima haitakwambia kitu kuhusu maambukizi.

Midoli na mkanda wa kiunoni: 7/10

Sehemu hii ina uongo mwingi kuliko zote, kwa sababu kwa miaka mingi hapakuwa na kiwango cha kimataifa. Sasa kipo: ISO 3533, kilichotolewa mwaka 2021, kinahusu usanifu na usalama wa vifaa vinavyogusa sehemu za siri na njia ya haja kubwa. Mtengenezaji anayekifuata kwa kawaida hujitapa nacho. Asiyekitaja mwulize mdoli umetengenezwa kwa nini hasa.

Silikoni yenyewe, plastiki ngumu ya ABS, kioo cha borosilikati na chuma cha pua havina vinyweleo, yaani vitundu vidogo mno, kwa hiyo husafishika. Plastiki laini za TPE, TPR na PVC, zile zinazoitwa "jeli", zina vinyweleo. Uchafu huingia mahali ambapo sabuni haifiki, na PVC laini inaweza kuwa na thaleti, kemikali za kuilainisha. Pua itakusaidia. Silikoni nzuri haina harufu, PVC inanuka kama ndala mpya. Jeli huacha utando wa mafuta mkononi, na mbili zikilazwa pamoja kwenye droo yenye joto huyeyukiana.

Utafiti mdogo uliochapishwa mwaka 2014 ulipima virusi vya HPV, vile vinavyohusika na saratani ya mlango wa kizazi, kwenye midoli ya kutetema kabla na baada ya kuoshwa. Virusi vilionekana hata baada ya kuosha. Saa 24 baadaye bado vilikuwepo kwenye ya TPE, ilhali kwenye ya silikoni havikuonekana. Wanawake walikuwa wachache, hatutajenga nyumba juu yake. Lakini fundisho la kivitendo liko wazi: kuosha katikati ya tendo kabla ya kumpa mwenzako hakutoshi. Kinachotosha ni kondomu mpya juu ya mdoli kila unapohama mtu, na kila unapohama kutoka njia ya haja kubwa kwenda ukeni. Mdoli wa ncha mbili huvaa kondomu mbili, moja kila upande, na hazibadilishani upande.

Usafishaji wenyewe: osha mara moja kabla uchafu haujakauka, kwa maji ya vuguvugu na sabuni isiyo na manukato. Pita kwenye mshono na kwenye shingo ya kitufe kwa mswaki laini. Hapo ndipo unapojificha utando mweupe. Silikoni, kioo na chuma visivyo na mota vinaweza kuchemshwa dakika tano, vikiwa juu ya kitambaa ili visiguse sufuria, na kioo kiachwe kipoe polepole kisije kikapasuka. Vyenye mota havichemshwi, na alama ya IPX7 ina maana vinavumilia mita moja ya maji kwa nusu saa, si jiko. Kausha kabisa kabla ya kufungia. Mfuko wa plastiki juu ya mdoli wenye unyevu ni shamba la ukungu.

Mkanda wa kiunoni, unaovaliwa ili kushikilia mdoli, huharibikia kwenye pete inayoupitisha mdoli. Nyingi zina kipenyo cha sentimita 3.8, 4.4 au 5.1. Pete ikizidi unene wa mdoli, kitako kinapenya na mdoli unaning'inia. Ikipungua, silikoni hukatika pole pole kwenye ukingo. Pima mdoli pale juu tu ya kitako, si katikati. Mikanda ikiwa imelegea, mvaaji hulazimika kusukuma kwa kiuno badala ya nyonga, na kesho yake mgongo unadai. Kaza ukiwa umesimama wima, kisha chuchumaa. Kama kitako kimeachana na mwili, kaza tena. Chagua wa nailoni unaofulika, kwani wa ngozi hunywa kila kitu. Mdoli wa njia ya haja kubwa lazima uwe na kitako kipana kuliko shina. Hilo halina mjadala.

Kiwambo cha mpira: 5/10

Ni kipande chembamba cha lateksi au poliyurethani, jamaa wa kile ambacho daktari wa meno hukitandaza mdomoni, kikitumika kufunika uke au njia ya haja kubwa wakati wa kutumia mdomo. Kila kipeperushi cha afya kinakitaja, na tafiti zinaonyesha wanaokitumia ni wachache mno. Si ukaidi tu. Kinateleza, kinapeperuka, mkono mmoja wote unakwenda kukishika, na ukikigeuza kwa bahati mbaya kinga yote imekwisha.

Kina wakati wake: mmoja ana malengelenge mdomoni au sehemu za siri, kuna hedhi, kuna vidonda kwenye fizi, au bado hamjapima. Malengelenge ya mdomoni huhamia ukeni kwa njia hii, na kaswende pia. Kwa wenzi waliopima na wasio na vidonda, hatuoni sababu ya kukilazimisha kila usiku.

Namna ya kukitumia: tia alama ya kalamu kwenye kona moja, upande utakaoelekea mdomoni, nje kabisa ya eneo la kazi. Paka kilainishi cha maji upande wa uke, weka, usikinyooshe mpaka kitanuke. Kilegee kidogo ndipo hisia ipite. Kikikosekana, chukua kondomu isiyo na dawa wala kilainishi cha silikoni chenye ladha mbaya, kata ncha, kata ukingo wa pete, kisha pasua ubavu mmoja toka juu hadi chini. Karatasi ya jikoni ya plastiki haikutengenezwa wala kuidhinishwa kwa kazi hii.

Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha chupi ya lateksi ya kampuni ya Lorals kwa ajili ya kinga wakati wa kutumia mdomo. Wazo ni zuri kuliko kiwambo kwa sababu mikono inabaki huru. Ni ya kuvaliwa mara moja, ni lateksi, kwa hiyo mwenye mzio na mpenda mafuta wote haiwafai.

Na VVU? Maambukizi kati ya wanawake wawili ni nadra sana, lakini si hekaya. CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, ilieleza mwaka 2014 kisa cha Texas ambapo uwezekano mkubwa ni kwamba yalitokea: mwenzi mmoja alikuwa na VVU na alikuwa ameacha dawa, walishirikiana midoli bila kinga na wakati mwingine kwa nguvu hadi kutoka damu. Angalia kilichokosekana katika kisa hicho: dawa, na kondomu kwenye mdoli. Kiwambo peke yake kisingewatosha.

Kifaa cha kujipima HPV: 9/10

Hiki hakiongezi raha, lakini kinafuta udhuru. Wanawake wengi ambao hawajawahi kulala na mwanamume huamini, na wakati mwingine huambiwa na mhudumu, kwamba kipimo cha saratani ya mlango wa kizazi hakiwahusu. HPV hupita kwa ngozi, vidole na midoli. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unapendekeza kipimo cha HPV kuanzia umri wa miaka 30, kila miaka 5 hadi 10. Kwa anayeishi na VVU, kuanzia 25, kila miaka 3 hadi 5. Sampuli anaweza kuichukua mwenyewe.

Kwa asiyependa spekulamu, kile kifaa cha daktari cha kufungulia uke, hii ni nafuu kubwa. Usifanye siku za hedhi, na siku mbili kabla usitie krimu wala kilainishi. Nawa mikono, chuchumaa au inua mguu mmoja, ingiza kijiti taratibu kuelekea kiunoni, si juu kuelekea kitovuni, mpaka alama iliyochorwa au pale kinapokataa. Zungusha kwa sekunde zilizoandikwa kwenye karatasi, bila kugusa kitu kingine ukikitoa. Kinachoharibu sampuli nyingi ni haraka: kijiti kimeingia kidogo tu, kimezungushwa mara moja, kikarudi bila seli. Jibu la "ipo" si saratani. Lina maana ya kuitwa kwa uchunguzi zaidi. Alama iliyopungua ni kwa sababu ya maelekezo, ambayo mara nyingi bado yanauliza "tarehe ya mwisho ya kujamiiana na mwanamume".

Dodoso la kuridhika na mshauri wa wapenzi: 4/10 kwa moja, 8/10 kwa jingine

Ukienda kwa mshauri, huenda ukapewa FSFI, dodoso la mwaka 2000 lenye maswali 19 juu ya hamu, msisimko, unyevu, kilele, kuridhika na maumivu. Jumla ni 36, na chini ya 26.55 huhesabiwa kuwa kuna tatizo. Hesabu yake ina mtego. Maswali matatu ya maumivu yanauliza kuhusu kuingiliwa ukeni, na asiyefanya hivyo hupewa sifuri. Sehemu hiyo ina uzito wa alama 6. Mwanamke mwenye raha zake zote, asiyeingiza kitu, anaanza na 30. Akipungukiwa kidogo hapa na pale tayari ni "mgonjwa". Mshauri asiyejua hili atakutibu ugonjwa usionao.

Kipimo kingine, GMSEX cha Lawrance na Byers, kina mistari mitano tu, kila mmoja kutoka 1 hadi 7: mahusiano yetu ya kimwili ni mabaya au mazuri, yanachukiza au yanapendeza, hasi au chanya, hayaridhishi au yanaridhisha, hayana thamani au yana thamani. Hakitaji kiungo wala jinsia. Kijazeni kila mmoja peke yake, chumba tofauti. Jumla ya kila mtu ni kati ya 5 na 35, na cha kuangalia hasa ni pengo kati yenu: 30 na 29 hakuna kesi, 31 na 17 kuna mmoja anayenyamaza.

Kuhesabu mara kwa wiki ndiyo njia mbovu kuliko zote. Tangu utafiti wa Blumstein na Schwartz wa mwaka 1983 huko Marekani, wapenzi wa kike wamesemwa kuwa kitanda chao hupoa. Lakini Blair na Pukall, mwaka 2014, walikuta kwamba pamoja na kukutana mara chache zaidi, wanawake wawili hukaa muda mrefu zaidi kila wanapokutana, kwa kawaida nusu saa na zaidi. Na katika takwimu za watu wazima zaidi ya 52,000 wa Marekani zilizochapishwa mwaka 2018, asilimia 86 ya wasagaji walisema hufika kileleni kwa kawaida au kila mara, dhidi ya 65 ya wanawake wanaolala na wanaume. Waliofika zaidi walikuwa wale wanaoomba wanachokitaka, wanaokaa muda mrefu, na wanaotumia mikono na mdomo. Mshauri akianza na "mara ngapi?", mwulize kwa nini. Akianza na "nani huanzisha, na nani huogopa kukataa?", kaa.

Chenye faida kubwa kuliko kikao cha kwanza cha wengi wao ni karatasi ya safu tatu: ndiyo, hapana, labda. Kila mmoja anaandika peke yake kwa dakika ishirini, akitaja matendo kwa majina yake, si "mambo mapya". Mkikutana, safu ya hapana haijadiliwi wala haiombewi sababu. Ndiyo zinazolingana zinawekewa alama. Muda wote uliobaki ni wa labda, na kila labda inajibiwa swali moja: labda kama nini? Labda kama taa imezimwa, labda kama tumepima, labda kama si wewe unayenivalia mkanda. Watu hukwama wanapoileta karatasi kitandani. Ijazeni mchana, mmevaa nguo, na simu ziwe chumba kingine.